Mambo matatu yanayokulinda na transfoma ya mtaani kwako

JE, msomaji, umewahi kusimama kando ya barabara ukaitazama ile transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani kwako na kujiuliza ni kwa nini iliwekwa juu vile? Wengi wetu huikumbuka siku stima inapopotea. Ikirudi, tunaisahau. Hata hivyo, pipa lile la chuma lina nguvu ya kumuua mtu mara moja, na bado hukaa miaka na miaka juu ya vichwa vya watoto waendao shule bila kumdhuru yeyote.

Jambo hilo halitokei kwa bahati. Wahandisi wanaounda mitambo ya kusafirisha umeme hulazimika kufikiria uhai wa binadamu kabla ya kufikiria taa na redio. Ukiichunguza kazi yao, utaona kwamba ulinzi wako umesimama juu ya mambo matatu: nafasi, mafuta na ardhi. Nafasi hukutenga na umeme. Mafuta huuzuia umeme usiruke ndani ya transfoma. Ardhi huumeza umeme uliotoroka. Moja kati ya hayo likiharibiwa, afya yako na ya jirani yako huwa hatarini. La kusikitisha ni kwamba mara nyingi anayeliharibu ni binadamu mwenyewe.

Umeme unavyofika Eldoret

Kusini mwa mji wa Eldoret, upande wa Nandi, kuna kituo kikubwa cha umeme cha Lessos. Hapo hukutana laini kadha kubwa. Moja yatoka Turkwel, Pokot Magharibi, ambako bwawa la kuzalisha umeme lilianza kazi mwaka wa 1991, nayo hubeba volti 220,000. Nyingine ni ile laini ya zamani ya volti 132,000 iliyojengwa katika miaka ya 1950 ili kuleta Nairobi umeme wa bwawa la Owen Falls, Uganda.

Huenda ukauliza: kwa nini volti nyingi hivyo ilhali nyumbani twatumia 240 tu? Jibu ni kwamba umeme ukisafirishwa kwa volti za chini, mkondo wake huwa mkubwa na sehemu kubwa ya nguvu hupotelea njiani kama joto kwenye nyaya. Volti zikipandishwa, mkondo hupungua na hasara hupungua pia. Ukikaribia mji, umeme huteremshwa hadi volti 33,000, kisha 11,000. Transfoma ya mtaani ndiyo huumalizia safari kwa kuuteremsha hadi 240 zinazoingia nyumbani kwako.

Maana yake ni kwamba katika pipa hilo moja, upande mmoja mna volti 11,000 na upande wa pili mna 240, na baina yake hakuna hata urefu wa mkono. Ndiyo sababu ulinzi wake haustahili mzaha.

Kinga ya kwanza: Nafasi

Watu wengi hudhani kwamba nyaya za juu zimevikwa mpira kama zile za pasi. Sivyo. Nyaya nyingi za volti za juu ziko uchi. Kinachouzuia umeme kukufikia ni hewa iliyo kati yako na waya, na vile vikombe vya kauri au vya kioo vinavyoutenga waya na nguzo.

Hewa ni kinga nzuri, lakini ina kikomo. Volti zikiwa nyingi na nafasi ikiwa ndogo, umeme huruka. Si lazima uushike waya. Ukiinua chuma kirefu karibu nao, umeme waweza kuruka hadi kwenye chuma hicho na kupitia mwilini mwako kwenda ardhini.

Hapa Eldoret tuna jambo la ziada. Mji huu uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi ya huku, ambayo imewafanya wanariadha wetu kuwa na mapafu ya kusifika duniani, ni kinga hafifu zaidi dhidi ya umeme kuliko hewa ya Mombasa. Kanuni za kimataifa za transfoma huwataka wahandisi waongeze nafasi kwa takriban asilimia 1 kwa kila mita 100 zinazopita mita 1,000. Kwa mji wetu hiyo ni kama asilimia 11. Hewa nyepesi pia haiondoi joto upesi, kwa hivyo transfoma hupoa kwa shida zaidi.

Nafasi hiyo hupimwa pia ardhini. Kwa laini za volti 132,000 hapa Kenya huachwa ukanda wa ardhi wa upana wa mita 30, kwa 220,000 mita 40, na kwa 400,000 mita 60. Wengi huuona ukanda huo kama shamba lililolala bure, wakajenga kibanda cha mbao au duka. Kumbuka kwamba waya wa stima haukai kimo kimoja. Jua likiwaka na mzigo ukizidi, waya hupata joto, hurefuka na kulegea. Waya uliouona juu asubuhi huenda ukawa chini zaidi saa nane mchana. Mwenye kujenga hapo huwa ameila nafasi iliyowekwa kwa ajili ya uhai wake.

Mjini kosa hutokea kwa namna nyingine. Nyumba za ghorofa zinaongezeka, na baadhi ya wenye ploti husogeza baraza hadi karibu na nyaya za volti 11,000. Fundi anayepokea nondo ya mita kadha kwenye ghorofa ya pili hahitaji kukosea sana ili aiguse laini. Mama anayeanika nguo kwenye baraza hiyo kwa fito ya chuma yumo katika hatari iyo hiyo, na pia mtoto anayefuata tiara iliyonaswa juu.

Hata mnyama huweza kuonyesha umuhimu wa nafasi. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru na kuangukia transfoma. Mitambo ya kituo ilizimika, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili huyo alinusurika. Binadamu anayeruka ua wa kituo cha umeme asitarajie bahati kama hiyo. Ua ule na kile kibao chenye fuvu na neno HATARI ni sehemu ya mtambo, sawa na nyaya zenyewe.

Tusisahau nguzo, kwa kuwa ndizo zinazoishikilia nafasi hiyo. Eldoret ni mji wa nguzo: mikaratusi hukatwa, hukaushwa na kutiwa dawa huku kwetu. Dawa inayotumika sana huwa na shaba, kromiamu na aseniki ili mchwa na ukungu wasiile mbao. Aseniki ni sumu. Nguzo kuukuu haifai kuwa kuni za kupikia wala za kuchomea nyama. Moshi wake na jivu lake hubeba sumu hiyo, na jivu likimwagwa bustanini huingia katika udongo wa sukuma wiki.

Kinga ya pili: Mafuta

Ndani ya transfoma mna koili za waya zilizozamishwa katika mafuta. Mafuta hayo yana kazi mbili. Kwanza, huzuia umeme usiruke kutoka koili hadi koili au hadi kwenye pipa. Pili, huyachukua joto ya koili na kuyapeleka nje kwenye yale mapezi ya chuma unayoyaona ubavuni. Mafuta haya hayapendi maji. Unyevu kidogo tu huyaharibu, ndiyo sababu transfoma nyingi kubwa hupumua kupitia chupa yenye chembechembe za kukausha hewa.

Sasa fikiria mwizi akifungua koki usiku. Mafuta yakitoka, koili huwaka joto, kinga huungua, na transfoma yaweza kulipuka. Mtaa mzima hubaki gizani. Lakini madhara hayaishii kwenye giza. Zahanati iliyo karibu ina jokofu la chanjo. Katika nyumba fulani mna mgonjwa anayetegemea mashine ya kumpa oksijeni. Mama anajifungua usiku huo kwa mwanga wa tochi. Mwizi huyo hakuiba mali ya kampuni peke yake.

Na mafuta yenyewe huenda wapi? Kwa miaka mingi imeripotiwa nchini kwamba baadhi ya mafuta haya huuzwa kwa wakaanga chipsi na samaki, kwa vile hukaa muda mrefu kwenye karai bila kuisha upesi. Mengine huuzwa kama mafuta ya kujipaka au dawa ya vidonda. Msomaji, hapa ndipo ninapokuomba utulie usome kwa makini.

Mafuta ya transfoma hutengenezwa kutokana na petroli ghafi na hayakusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Yakishatumika miaka mingi, huchanganyika na mabaki ya chuma na ya vitu vilivyoungua ndani. Zaidi ya hayo, transfoma za zamani zaweza kuwa na kemikali ziitwazo PCB. Kemikali hizo zilipendwa na watengenezaji kwa sababu haziwaki moto kwa urahisi. Baadaye iligunduliwa kwamba haziozi, hujikusanya katika mafuta ya mwili, na hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto kupitia kondo na maziwa. Mwaka wa 2013 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliziweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Ushahidi haukutoka maabara tu. Mwaka wa 1968, magharibi mwa Japani, PCB zilivuja kutoka kwenye mabomba ya kiwanda zikaingia katika mafuta ya kupikia yatokanayo na pumba za mchele. Waliokula walitokwa na chunusi mbaya zisizopona, ngozi na kucha zikawa nyeusi, macho yakatoa uchafu, mikono na miguu ikafa ganzi. Baadhi ya wanawake walizaa watoto wenye ngozi nyeusi isiyo ya kawaida. Taiwan ilipatwa na balaa kama hilo mwaka wa 1979. Mwaka wa 1999 nchini Ubelgiji, mafuta yenye PCB kama yale ya transfoma yaliingia katika mafuta yaliyotengenezwa kuwa chakula cha kuku na nguruwe. Kuku na mayai yakaondolewa madukani.

Kenya iliidhinisha Mkataba wa Stockholm mwaka wa 2004. Mkataba huo ulizitaka nchi ziache kutumia vifaa vyenye PCB kufikia mwaka wa 2025, na taka zake ziharibiwe kwa njia salama kufikia 2028. Ubaya ni kwamba huwezi kuzitambua kwa macho, kwa harufu wala kwa ulimi. Lazima mafuta yapimwe maabara. Pia, kukaanga hakuziondoi. Joto kali laweza kuzigeuza kuwa sumu kali zaidi.

Kwa hivyo ukiuziwa mafuta ya kupikia kwenye jerikeni isiyo na jina, kwa bei ya chini isiyo ya kawaida, jiulize yametoka wapi. Usiyapake kwenye kidonda, kwenye ngozi ya mtoto wala kwenye nywele. Mtoto akiyanywa, usimtapishe, kwa kuwa yaweza kuingia mapafuni na kuleta homa mbaya ya mapafu. Mkimbize hospitalini pamoja na chombo chenye mafuta hayo.

Wahandisi nao hawakukaa kitako. Katika nchi nyingi siku hizi hutumiwa transfoma zilizozibwa kabisa zisizo na koki ya kufunguliwa kwa urahisi. Ndani ya majengo hutumiwa zile kavu ambazo koili zake zimefunikwa kwa gundi ngumu badala ya mafuta. Lakini hakuna muundo wa fundi unaoweza kumshinda mteja anayenunua mafuta ya wizi. Soko likifa, wizi hufa.

Kinga ya tatu: Ardhi

Ukitazama nguzo ya transfoma utaona waya wa shaba ukishuka hadi chini na kuzikwa. Huo ni waya wa athi. Kazi yake ni kuupa umeme uliotoroka, au radi iliyopiga laini, njia rahisi ya kuingia ardhini badala ya kupitia kwako. Nyanda za magharibi mwa Kenya, kuanzia Nandi hadi ziwani, hupata radi nyingi sana, kwa hivyo waya huo huku kwetu una kazi kubwa.

Shaba ina bei, na waya wa athi hukatwa ukauzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Stima haizimiki unapokatwa, na kwa sababu hiyo hakuna anayejua kwamba kinga imeondoka. Siku hitilafu itakapotokea, chuma ambacho hakikuwa na umeme huwa nacho: pipa, ua, hata mabati ya nyumba.

Mwili wa binadamu hauhitaji umeme mwingi ili udhurike. Mkondo wa takriban milliampea 10 waweza kuikaza misuli ya mkono usiweze kuachilia waya. Ukifika 30, kupumua huwa kwa shida. Kuanzia 50 hadi 100, moyo waweza kuacha kupiga kwa mpango na kubaki ukitetemeka tu, na mtu hufa kwa dakika chache. Ngozi ikiwa imelowa, hata volti 240 za nyumbani hutosha. Kwa sababu hiyo kifaa cha kukata umeme unapovuja, kinachozima kwa milliampea 30, ni ununuzi wa maana kuliko televisheni mpya. Mwombe fundi mwenye leseni akuwekee, na akupimie athi ya nyumba.

Je, laini kubwa huleta saratani?

Swali hili huulizwa sana na wanaoishi karibu na laini za Lessos. Mwaka wa 2002 IARC iliweka sumaku inayotoka kwenye nyaya za umeme katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Uamuzi huo ulitokana na tafiti zilizoonyesha ongezeko dogo la saratani ya damu kwa watoto walioishi mahali penye wastani wa zaidi ya mikrotesla 0.3 hadi 0.4. Shirika la Afya Duniani liliupitia ushahidi mwaka wa 2007 na kusema hautoshi kuthibitisha kwamba sumaku hiyo ndiyo chanzo.

Nguvu ya sumaku hiyo hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali na laini. Kwa hivyo ule ukanda wa mita 30 au 40 hukulinda hapa pia. Ukiishi nje yake, huna sababu ya kukosa usingizi. Ukiishi ndani yake, hama, lakini sababu kubwa ni waya kukatika au kulegea, wala si saratani.

Mtu akipigwa na stima

Kwanza, usimguse. Ikiwa ni stima ya nyumbani, zima siwichi kuu. Usipoweza, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu.

Ikiwa ni laini ya juu au transfoma, usimkaribie hata kwa mti. Kaa angalau mita 20 mbali, zuia umati, na upige simu kwa kampuni ya umeme ili stima izimwe. Nambari ya dharura ya Kenya Power ni 97771. Waya ukianguka karibu nawe, usikimbie. Ondoka kwa kuburuta miguu hatua ndogo ndogo ikiwa pamoja, kwa sababu ardhi yenyewe huwa na umeme, nao hupanda mguu mmoja na kushukia mwingine.

Stima ikishazimwa, tazama kama anapumua. Kama hapumui, bonyeza kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike. Penye kuungua, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta, dawa ya meno wala yai.

Halafu mpeleke hospitalini hata kama anatembea na kuongea. Umeme wa volti za juu hupikia ndani. Nje utaona alama ndogo mahali ulipoingia na ulipotokea, ilhali misuli ya ndani imekufa. Misuli hiyo hutoa uchafu unaoziba figo. Mkojo wenye rangi ya chai ya rungi ni dalili mbaya ya kumwambia daktari mara moja. Moyo pia huhitaji kupimwa.

Wajibu wako

Usiku ukisikia watu wakigongagonga kwenye nguzo, usidhani ni mafundi. Mafundi halali huwa na gari, sare na vitambulisho. Ukiona mafuta yanatona, waya wa athi umekatwa au mlango wa ua uko wazi, toa ripoti siku hiyo hiyo. Wafundishe watoto kwamba ua wa transfoma si mahali pa kuchezea hata mpira ukiangukia ndani. Kabla ya kununua ploti, inua macho uone kilicho juu yake.

Mhandisi alikuwekea nafasi, akakuwekea mafuta, akakuwekea na ardhi. Kuvilinda ni kazi yako na yangu. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, na kwa stima mara nyingi hakuna nafasi ya kujifunza baada ya kosa.